Fomu Iliyomdai Asekenye Pasipoti

Ijumaa, Angurai. Ukungu ulikaa juu ya mawe ya kilima mpaka saa tatu, kisha jua likatoka na kukausha kila kitu, pamoja na soksi zangu zilizokuwa kwenye kamba tangu Jumanne.

Moyo wangu umetulia. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba ninayopanga, kompyuta iko mapajani, kuku wa mwenye nyumba wananizunguka wakidhani nina mahindi, na bado kuna mwanga wa kutosha kuandika bila kuwasha taa. Kwa siku mbili sikuwa hivi. Kwa siku mbili nilikuwa mtu anayeosha kikombe kilekile mara tatu.

Nianze na kazi, kwa faida ya aliyeingia hapa kwa bahati. Ninatengeneza tovuti ya chuo kikuu kishiriki kimoja huku Teso Kaskazini, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Jina lake sitalitaja, maana ndiko ninakokula. Sehemu yangu ni ile ya mbele, ile ambayo mtu anaiona na kuigusa: rangi, vitufe, fomu, na picha za wanafunzi wanaocheka wakiwa wameshika vitabu ambavyo hawavisomi. Mambo ya nyuma, ya mitambo na kuhifadhi taarifa, ni ya mkuu wangu, Bwana Wandera. Mama huwaambia watu Busia kwamba narekebisha kompyuta. Baba huwaambia nafundisha. Nilishaacha kubishana nao.

Naipenda kazi hii, na nalisema wazi kwa sababu watu wa blogu tumezoea kulalamika. Kuna raha ya kusogeza kitufe kidogo kushoto na kuona ukurasa mzima umepumua. Kuna raha ya kumwona mwanafunzi koridoni akitafuta ratiba ya mtihani kwenye simu yake na kuipata bila kumuuliza mtu, naye hajui kwamba huyu anayepishana naye ndiye aliyeiweka pale. Siku nyingi narudi nyumbani nikiwa nimeridhika kama aliyepalilia mistari yake yote.

Na nina kiburi. Hilo nalo niliseme mapema.

Mwaka jana, wiki ya tatu tangu niajiriwe, niliona kwamba fomu yetu ya kuomba nafasi ya masomo ni ndefu mno. Mkenya alikuwa anapitishwa kwenye maswali ya wageni, na mgeni kwenye maswali ya Wakenya. Nikaja na wazo. Ukurasa uangalie wenyewe mtu anaingia kwa mtandao wa nchi gani. Ukiona mtandao wa Kenya, umfungulie fomu ya Mkenya, inayotaka nambari ya kitambulisho. Ukiona mtandao wa Uganda au kwingineko, umfungulie fomu ya mgeni, inayotaka nambari ya pasipoti. Mtu asisumbuliwe kwa maswali. Fomu inajua.

Fomu inajua. Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu mbele ya kikao cha wakuu wa idara, nimesimama na kijiti cha kuonyeshea mkononi. Walipiga makofi. Desemba nikapewa cheti cha mfanyakazi bora wa idara yetu, na Bwana Wandera akakigongomea ukutani juu ya meza yangu kwa mkono wake mwenyewe. Kimeinama kidogo upande wa kulia.

Sasa ujinga wenyewe.

Mimi nimezaliwa Busia mjini. Duka la Baba liko mahali ambapo ukitoka kununua sukari unaweza kujikuta Uganda bila kukusudia. Nimekua nikiona kila mtu mzima ana laini mbili, ya huku na ya kule, na anatumia ile ambayo bando yake inakaa au ambayo mnara wake unashika vizuri pale alipo. Hata simu yangu ina laini mbili. Hapa kwenye ngazi natumia ya Uganda, kwa sababu ya Kenya ikifika upande huu wa nyumba huanza kukohoa. Haya yote nayajua tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini ofisini kuna mtandao wa chuo, na fomu niliijaribia ofisini, kwenye meza ileile, kwenye kiti kilekile, mpaka nikaridhika.

Sikuwahi kuijaribu nikiwa mtu wa kwetu.

Jumatano nilitoka kazini mapema nikaenda Malaba, mpakani, kwa Asekenye. Asekenye ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko kwenye safu ya nyuma, upande ambao malori yanayosubiri kuvuka huziba jua mpaka saa nne asubuhi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kwao ni Moding, upande huuhuu wa Kenya, ana mkono mzuri na mdomo usiopumzika. Aprili alinishonea gauni la kitenge la harusi ya binamu yangu. Gauni lilipendeza kila mtu isipokuwa mbavu zangu, kwa sababu lilinibana kiunoni hata nikasimama harusi nzima. Nilipolirudisha, Asekenye alinitazama toka juu mpaka chini akasema kwa upole, "Mwalimu, umenona."

Sikubisha. Yeye ndiye mwenye tepu ya kupimia shingoni. Tangu siku hiyo niliacha ugali wa jioni. Mboga na chai, basi. Jumatano nilikwenda kulijaribu tena gauni langu, nikiwa na matumaini.

Lilibana vilevile.

Hapo niseme kwamba Asekenye huniita mwalimu kwa sababu kwake kila anayefanya kazi chuoni ni mwalimu. Sikuwahi kumrekebisha. Ni cheo kizuri, na mtu akikupa cheo kizuri bure si rahisi kukirudisha. Basi nikiwa nyuma ya pazia navua gauni, akaniuliza kama nawafahamu wale wanaochagua wanafunzi.

"Si uniulizie hao watu, mwalimu," alisema. "Mimi niliwakosea nini?"

Nikatoka nyuma ya pazia, naye akanieleza. Chuo kimoja cha ufundi karibu na kwao kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Wameiona kazi yake, wanamtaka yeye, na wamesema watamshikia nafasi mpaka mwakani mradi awe ameanza diploma Septemba hii. Asekenye amewafundisha wasichana wengi pale kibandani, na kadhaa sasa wana cherehani zao. Mikono anayo, anachokosa ni karatasi. Na diploma ya ushonaji na mitindo iliyo karibu naye ni ya chuo chetu. Ameomba mara mbili. Agosti mwaka jana fomu ilikataa. Novemba, kwa ajili ya muhula wa Januari, ikakataa tena. Sasa ilikuwa mara ya tatu, imekataa tangu Jumatatu, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa kumi na moja jioni.

"Hiyo college haitaki watu ya Malaba," alisema, akikata uzi kwa meno. "Inaniuliza pasipoti. Pasipoti ya nini na kwetu ni hapo Moding?"

Nilijua kabla sijaishika simu yake. Juu, kwenye kona ya kioo chenye ufa, palikuwa na jina la mtandao wa Uganda. Chini yake ilikuwa fomu yangu, imejipanga vizuri, inamwita mgeni. Mahali pa nambari ya pasipoti alikuwa ameandika nambari ya kitambulisho chake, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na fomu ilikuwa imemjibu kwa maandishi mekundu: Taarifa ulizojaza si sahihi. Tafadhali hakiki na ujaribu tena.

Rangi ile nyekundu niliitafuta siku nzima, nikitaka nyekundu isiyotisha. Maneno yenyewe niliyaandika kwa dakika mbili.

Ningesema palepale. Ningeweza hata kumwashia mtandao wa simu yangu, kwa laini ya Kenya, na fomu ingefunguka na kwenda. Lakini ingebidi nimweleze kwa nini kwangu inakubali na kwake inakataa, na ulimi uligoma. Wakati huohuo waliingia akina mama wawili wenye sare za shule za kurekebishwa, Asekenye akaichukua simu akaitia kwenye droo ya cherehani. Nikasema nitaulizia. Nilisema hivyo hasa, kwamba nitaulizia, kama vile kuna mtu mwingine wa kuulizwa. Nikakunja gauni langu linalobana nikaondoka.

Niliona aibu. Naliandika hivyo bila kulipamba. Njia nzima, nyuma ya pikipiki ya boda, upepo usoni, niliona aibu.

Jana, Alhamisi, nilikuwa wa kwanza kufika ofisini. Tovuti huweka kumbukumbu za kila anayeingia, ukurasa aliofika na mahali alipoishia. Nikatafuta walioingia kwa mtandao wa Uganda wakafika kwenye swali la pasipoti wakaondoka. Idadi yao sitaiandika hapa. Waliorudi mara nne, mara tano, siku tofauti, ndio walioniuma zaidi. Mmoja alijaribu Jumapili asubuhi, akajaribu tena Jumapili hiyohiyo jioni, nadhani baada ya kumuuliza mtu kama kuna njia nyingine. Bila shaka baadhi yao ni Waganda kweli, na hao nao wengi hawana pasipoti, maana watu wa huku huvuka kwa kitambulisho tu. Kwa hiyo fomu yangu inayojua ilikuwa haimjui hata mmoja kati yao.

Nikajaribiwa. Ningeweza kubadilisha kimya kimya na mtu asijue. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, na barua ya kuniongezea muda iko mezani kwa Bwana Wandera ikisubiri sahihi. Lakini yeye ana sheria moja isiyovunjwa: wiki ya mwisho ya maombi, hakuna mtu kuigusa tovuti. Mwaka juzi kuna aliyegusa, ikalala siku mbili. Kwa hiyo kurekebisha kulimaanisha kumwambia, na kumwambia kulimaanisha kuanzia kwenye makofi ya kikao na kuishia kwa mwanamke mmoja wa Malaba anayedhani amekataliwa. Nilikaa nalo mpaka saa kumi. Nilikunywa chai nne, na kikombe, kama nilivyosema, nikakiosha sana.

Bwana Wandera ni mtu wa Samia, mrefu, mpole, anayeipiga kompyuta yake vikofi vyepesi kila anapoizima, kama anaiaga. Nilisimama mlangoni nikamweleza yote bila kukaa. Aliuliza jambo moja tu.

"Hapa ofisini ilikuwa inakubali?"

Nikasema hapa ofisini, ndiyo. Akatoa simu yake mfukoni, nayo ina laini mbili, akazima ya Kenya, akafungua fomu. Ikamuuliza pasipoti.

"Mama yangu anatumia laini ya Uganda," alisema. "Na mimi nilikaa kwa hiyo mkutano nikapiga makofi."

Kisha akaniambia nitoe hicho kitu changu cha kujua na niweke swali. Tungefanya asubuhi, yeye akiwa amekaa kando yangu. Na barua ya kueleza kilichotokea niiandike mwenyewe, yeye hatanisaidia hata sentensi moja. Akampigia Msajili kuomba muda wa maombi uongezwe. Msajili akasema lazima lipite kwa Mkuu wa Chuo, jibu pengine Jumatatu. Jumatatu haikumfaa Asekenye. Kwake siku ilikuwa leo, na saa ilikuwa kumi na moja.

Basi asubuhi ya leo, ukungu bado uko kwenye mawe, niliifuta kazi niliyopigiwa makofi. Ilikuwa mistari mingi, na mingine nilikuwa nimeiandika kwa ustadi ambao bado naupenda, sitadanganya. Mahali pake nikaweka swali moja na vitufe vitatu vikubwa. Wewe ni raia wa nchi gani? Kenya. Uganda. Nyingine. Na asiye na pasipoti akaruhusiwa kuweka kitambulisho cha kwao. Kuandika hayo kulichukua muda mfupi kuliko chai kupoa.

Kujaribu ndiko kulikochelewesha. Safari hii sikukaa mezani. Nilitoka nyuma ya ofisi mpaka kwenye tangi la maji, nikazima laini ya Kenya, nikawasha ya Uganda, nikaijaza fomu mwanzo mpaka mwisho nikiwa nimesimama juani. Bwana Wandera akasimama upande wa pili wa tangi na simu yake, akifanya vilevile. Wanafunzi walitupita wakishusha sauti, nadhani waliona tumepewa adhabu.

Saa saba na nusu mabadiliko yakaenda hewani. Saa nane nilikuwa kwenye boda naelekea Malaba, nimeomba ruhusa ya nusu siku.

Asekenye hakutaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, hilo sikuliwaza. Alikuwa katikati ya rundo la sare za shule, tepu shingoni, na hakuinua hata uso.

"Wacha tu, mwalimu. Mara tatu imetosha. Mtu akikukataa mara tatu na bado unamfuata, watu watakucheka."

Nikamwambia sasa itakubali. Akaniuliza kwa nini ikubali leo na jana ilikataa. Lilikuwa swali zuri. Nililizunguka pande zote pale niliposimama, na sikuona jibu lisilopitia kwangu.

Kwa hiyo nilimwambia.

Nilimwambia mimi si mwalimu. Nilimwambia hiyo fomu ndiyo kazi yangu, mimi ndiye niliyeipanga, na yale maneno mekundu ni ya mkono wangu. Kwamba simu yake ina laini ya Uganda, na mimi niliifundisha fomu kumhesabu kila mwenye laini ya Uganda kuwa mgeni. Kwamba chuo hakijamkataa hata mara moja, kwa sababu jina lake halikuwahi kufika kwa mtu wa kulikataa. Kwamba Jumatano nilijua, nikanyamaza.

Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mdomo wake ulipumzika, na nikatamani arudie kunisema hata kwa matusi.

"Mwaka mzima," alisema, "naambia mama yangu college ilinikataa."

"Ni mimi. Pole sana, Asekenye. Si chuo, ni mimi."

Aliukanyaga mshono aliokuwa ameuanza, taratibu, mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, akaikunja ile sare akaiweka juu ya nyingine. Kisha akavuta droo akatoa simu.

"Kaa hapo," alisema, akinionyesha kiti cha wateja. "Na usiguse."

Sikugusa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Kitufe cha Kenya alikibonyeza bila hata kusita, na mahali pa kitambulisho pakafunguka, nikashusha pumzi. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe nilikuwa nimeketi kuangalia makosa yangu mengine yakipita moja baada ya jingine. Kwenye simu yake herufi za kuandikia zikipanda zinafunika kitufe cha kuendelea, kwa hiyo akadhani hakuna kitufe. Akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kalenda yangu huanzia mwezi huu tulio nao, na kila ukigusa mshale inarudi nyuma mwezi mmoja. Asekenye akaanza kugusa. Akagusa, akagusa.

"Mpaka nifike mwaka nilizaliwa nitakuwa nimestaafu," alisema.

Juu ya kalenda kuna mahali pa kuchagua mwaka moja kwa moja. Nimepaweka mwenyewe, kwa herufi za kijivu nyembamba, nzuri sana, ambazo mtu mwenye jua usoni hawezi kuziona. Niliikalia mikono yangu. Alipaona alipofika kama mwaka wa kumi na mbili, akanitupia jicho ambalo halikuhitaji maneno.

Halafu akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka kuchukua gomesi yake, lile gauni refu la mkanda la Kiganda, na alitaka kuijaribu papo hapo. Simu ikalazwa juu ya vitambaa, kioo kikazima. Ndipo nikakumbuka kwamba fomu yetu, ikiachwa robo saa bila kuguswa, hujifunga na kufuta kila kitu. Hilo nalo ni wazo langu. Nilisema ni kwa usalama. Mama wa gomesi aligeuka mbele ya kioo cha ukutani. Akageuka tena. Akataka mkanda uinuliwe, kisha ushushwe. Mimi nilikuwa naangalia saa ya mkononi na kutabasamu kama mtu anayeumwa jino. Nilimwomba Asekenye aiguse tu simu, hata kwa kiwiko. Akaigusa kwa kiwiko, pini zikiwa mdomoni, na nikaona kioo cha simu kikiwaka na majibu yake yote yakiwa bado mahali pake.

Saa kumi na dakika kumi alibonyeza Tuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, nami nikagundua nimeshika kona ya meza yake. Kisha ukurasa ukawa wa kijani. Ombi lako limepokelewa. Na chini yake jina lake, majina yote matatu, yameandikwa sawasawa.

Alisoma kwa sauti. Kisha akanipa simu na mimi nisome, kama mtu anayetaka shahidi. Nikasoma.

Nafasi bado si yake, najua. Kuna watu watakaa na kuchagua, na wanaweza kuwachagua wengine. Lakini safari hii, wakimkataa, watakuwa watu waliosoma jina lake kwanza. Nilimwambia hivyo, akasema basi naye atamwambia mama yake hivyo, na jina langu atalitaja pia, nijiandae.

Nilisimama kuondoka. Alikuwa ameshavuta sare nyingine, ameiweka chini ya sindano, na bila kuniangalia akaniuliza lile gauni langu liko wapi. Nikamwambia liko nyumbani.

"Ilete Jumatatu. Kitenge kilibaki, nitaongezea kwa mbavu."

Nikasema hakuna haja, nitajitahidi zaidi kupungua. Hapo akaacha kushona. Aliivuta tepu shingoni akaizungusha kwenye vidole, akaikunjua, akaizungusha tena.

"Hukunona," alisema. "Ile siku nilifungua ukurasa ya mteja mwingine kwa kitabu, nikakata na vipimo vyake. Ulipokuja nikaona haya."

Miezi minne, nikawaza. Miezi minne ya mboga na chai, usiku tumbo linalalamika, na mimi naliambia linyamaze kwa sababu fundi amesema. Nilijaribu kukasirika, nikatafuta mahali pa kuanzia sikupapata. Nilipoanza kucheka, yeye alikuwa ameshaanza, amefunika uso kwa sare ya mtoto wa watu, na mama wa gomesi akasimama mlangoni kutuuliza kuna nini.

Sasa niko hapa kwenye ngazi. Barua ya kueleza nitaiandika kesho asubuhi, kichwa kikiwa kimepoa, na nitaiandika kama nilivyosema kwa Asekenye, bila kumficha mtu nyuma ya neno mfumo. Mkataba sijui utasemaje. Bwana Wandera ameniaga leo kwa kunipiga kikofi chepesi begani, na sijui kama ni kikofi kile anachoipiga kompyuta anapoizima. Cheti nimekiacha ukutani, kimeinama vilevile. Jumatatu nikipeleka gauni nitaomba kiti cha wateja kwa saa moja, niwaangalie watu wa Malaba wakiijaza fomu kwenye simu zao, mikono nimeikalia. Orodha ya kurekebisha imeshajaa ukurasa, na ya kwanza ni ile kalenda.

Je, ningemwambia kama angekubali kujaribu bila kuuliza kwa nini? Nimejiuliza hilo tangu nishuke kwenye boda. Nataka kusema ndiyo. Naliacha hapa hivyo, nataka kusema ndiyo.

Jua limeshuka nyuma ya kilima, kuku wameingia. Maji yanachemka kwenye jiko hapa kando yangu, na unga niliununua Malaba kabla sijapanda boda. Nafunga kompyuta nisonge ugali wa jioni, wa kwanza tangu Aprili, na nausonga mkubwa.